Kuku Hajambo?

"Dozi ni dozi, Asmahan. Ukipona, umemaliza."

"Ya malaria, sawa. Hii si ya malaria, Mama Cheryl. Wewe ni mbishi tangu nikujue, lakini leo umezidi."

Moraa akajitia kutafuta sukari, na sukari iko mbele yake. Asmahan, jirani wa mlango wa pili, Msomali wa Garissa, alikuwa amefuata majani ya chai kabatini akakuta pakiti imefichwa nyuma ya mkebe, vidonge tele. Ni dawa alizoandikiwa Moraa baada ya mumewe Otieno kufariki, za kuinua moyo uliozama. Binti yake Cheryl alidhani mamake anameza za presha.

Na ulikuwa umezama kweli. Humo ghorofani Newtown, mjini Birmingham, juu kabisa, ambako mawingu hubisha hodi kabla ya mtu wa barua, Moraa alikuwa ameacha kuimba. Mtu ambaye akisonga ugali huku anaimba, majirani wa chini walipanda na sahani zao. Vidonge vikafanya kazi polepole, hata asubuhi moja akajisikia anaimba chinichini huku akikwangua sufuria. Nimepona, akajiambia. Akaacha hapo hapo.

Kwao Kisii ndivyo ilivyokuwa. Mtu wa zahanati alikufungia vidonge kwenye kipande cha gazeti, ukameza, ukatoka jasho, ukarudi shambani. Kwinini ya siku zile ilikuwa na uchungu wake: kuku wa nyanyake alidonoa kidonge kilichotemwa, akataga mayai ambayo hata nyoka aliyaonja akahama kijiji. Otieno alikipenda kisa hicho kupita vyote. Miaka ile akitoka kiwanda cha magari cha Longbridge, ananuka oili, alisimama mlangoni hata viatu hajavua, akauliza, "Kuku hajambo?" Moraa naye alimjibu kwa uongo mpya kila jioni. Siku hizi uongo ulimjia, wa kumwambia hayupo.

"Juzi ulishika ukuta wa lifti," Asmahan alisema. "Kizunguzungu."

"Lifti ndiyo iliyolewa."

"Mama Cheryl."

Moraa akaketi. "Kichwani kunapiga shoti, kama waya ulio wazi. Na jana nimelizwa na kitunguu ambacho sijakikata."

Asmahan hakucheka.

"Basi leo nimeze viwili, nifidie."

"Umeruka mkojo, sasa unataka kukanyaga mavi." Asmahan akampigia Baldev, mfamasia wao, akaiweka simu katikati ya meza ili wote wasikie.

Baldev hakugomba. Alisema dawa ile haikatwi ghafla hata mtu akijiona mzima. Daktari huipunguza kidogo kidogo. Asimeze viwili kufidia, wala asianze tena kwa kukisia. Ampigie daktari leo hii, amweleze ameacha lini na anajisikiaje. Na akizidiwa, au yakimjia mawazo ya kujidhuru, asingoje mtu, aite msaada wa dharura.

"Kumbe haina dozi," Moraa alisema simu ilipokatika.

"Inayo. Ila mwisho wake huutangazi wewe peke yako."

"Sawa. Daktari nitampigia. Cheryl hapana. Atanishika kama yai lenye ufa."

"Na akikukuta umelala chini hapo jikoni, atakushikaje?"

Moraa akaivuta simu. Alibonyeza namba ya daktari. Ukaanza ule muziki wa kungojeshwa, mchungu kuliko kwinini. Alitazama ndoano ya mlangoni, ambapo koti la Otieno lilikuwa bado linaning'inia, bega moja chini, kama mwenyewe.

"Angekuwepo, ungemficha?" Asmahan aliuliza.

"Yule? Angenichungulia mdomoni kila siku kuona kama nimemeza. Halafu angetaka kujua—"

Ufunguo ukazunguka mlangoni. Cheryl akaingia na mifuko ya sokoni, mvua nyweleni, na Kiswahili chake cha Birmingham kilichobakiza maneno machache tu, yote ya babake.

"Kuku hajambo?"

Kiganja cha Moraa kilikuwa kimeshaifunika pakiti. Muziki wa simu ukaendelea kulia mezani. Moraa akamtazama binti yake, kisha akakiondoa kiganja.