Mguu wa Kushoto wa Tani Saba

Simu ililazwa katikati ya mito miwili kama mtoto mchanga, na usiku kucha haikulia. Daktari wa meno alikuwa amesema, "Nitakupigia, nikuambie kama kazi unayo au huna." Mama alikodoa macho gizani. Badala ya simu likaja teke. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Tani Saba kwa ajili ya lori aliloendesha tangu ujana, alikuwa amelala fofofo, ila mguu wake wa kushoto ulikuwa macho, unakanyaga klachi ndotoni.

"Usingizi umeninyima, sasa wanivunja na muundi!"

Mguu huohuo ndio uliomponza. Lori lilipokufa, daktari alimchukua kwa majaribio aendeshe gari lake jipya, lisilo na pedali ya klachi. Jana, kwa mazoea, mguu ulitafuta klachi ukaangukia breki. Daktari akabusu kiti cha mbele.

Kulipokucha Mama hakungoja simu tena. Alimkokota mumewe waende wenyewe nyumbani kwa daktari.

"Si ulisema gari hilo lina klachi mbili?" akamuuliza njiani.

"Zimo ndani. Moja imeshika gia hii, nyingine imeshaandaa inayofuata. Zinapokezana zenyewe."

"Kama wake wenza waliopatana. Mume haambiwi kitu!"

"Ndiyo maana mimi naliondoa kwenye otomatiki, natumia gia za mkono. Siwezi kuwa mgeni nyumbani kwangu."

Daktari aliwakuta mlangoni, akashusha pumzi, akatoa ufunguo. "Mpaka kliniki. Ukinirusha tena, tunaagana hukohuko."

Mama aliomba kukaa nyuma pamoja na daktari. Kwanza akamvua mumewe kiatu cha kushoto, akakipakata. "Mguu mtupu utakumbuka kwamba leo hauna kazi."

Mjini wakakuta foleni. Tani Saba akawa anasukuma mkono wa gia: ya kwanza, ya pili, tena ya kwanza, jasho likimtiririka, gari likiinama na kuinuka kama linaitikia salamu. Mlimani magari yakasimama kabisa. Yeye, badala ya kushika breki, akalizuia gari kwa kukanyaga mafuta lisirudi nyuma, kama alivyozoea kuringa na lori. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi.

"Baba, breki! Unawaunguza wake wenza!"

Akakanyaga breki, kwa mguu wa kulia.

"Kwenye foleni weka otomatiki," daktari akasema kupitia leso. "Gia za mkono utazipata kwenye mteremko. Kuna anayekunyang'anya?"

"Nikiweka otomatiki siendeshi, daktari. Naendeshwa."

"Basi endeshwa!" mkewe akasema. "Wangapi wanatamani?"

Akanung'unika, akaweka otomatiki. Wakangoja mpaka taa ikazimika. Gari likapanda laini, hata daktari akaondoa leso. Kileleni akachukua gia ya pili mwenyewe, injini ikalishika gari kwenye mteremko, na Tani Saba akaanza kupiga mluzi.

Kliniki, daktari alishuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Mume na mke wakabaki kwenye korido, roho mkononi.

"Kafunga kwa hasira?"

"Kafunga kawaida."

"Kawaida yake ndiyo ipi?"

Mlango ukafunguka.

"Bado mmesimama hapo? Kaliegeshe kivulini. Saa kumi nina safari, na ufunguo kaa nao."