Aiskrimu za Futari

Ramadhani iliyopita binti yangu alifunga saumu nzima kwa mara ya kwanza, si ile ya watoto ya kufungua adhuhuri. Ana miaka minane na ubishi wa mtu mzima. Nilimwahidi kwamba akifika magharibi atakula aiskrimu ya kijiti niliyoitengeneza mwenyewe, tena awe wa kwanza, kabla hata ya babu yake.

Zile za rangi zinazouzwa nje ya shule nilikuwa nimezipiga marufuku, maana zilishamwozesha meno mawili. Basi nikanunua vijiti Ukunda, nikaponda tende zilizolowekwa, nikachanganya na embe na tui zito, bila chembe ya sukari, nikamimina katika vikombe vitupu vya mtindi na kuvitia kwenye friza. Nilijiona fundi. Majirani zangu wa Bongwe nilikuwa nimeshawachosha kwa mawaidha ya sukari.

Tatizo ni kwamba siku hiyo mimi sikuwa nimefunga. Nilikuwa katika siku zangu, ambazo mwanamke haswali wala hafungi, na hilo si kosa. Lakini tunaishi na wakwe, na mbele ya wakwe mwenye udhuru hula kwa kujificha. Daku huamka na wenzake, na mchana hujikokota kama mwenye kiu. Mamamkwe alijua, wanawake hujuana. Babamkwe hakutakiwa kujua hata kwa dawa.

Alasiri nikaingia jikoni, nikarudisha mlango, nikachomoa moja. Nilitaka kuonja tu kama tende zimetosha. Hata mpishi aliyefunga huruhusiwa kugusa kwa ncha ya ulimi kisha akatema, kwa hiyo nilijua nikikutwa nitakuwa na la kusema. Lakini ilikuwa tamu, na joto lilikuwa kali, na nilipogeuka nilikuwa nimebakiza kijiti na kipande kidogo. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, midomo imemkauka.

"Mama, unakula?"

Ningeweza kumwambia ukweli. Ni msichana, siku moja itanibidi nimwambie. Badala yake nikapiga mkono mdomoni.

"Astaghfirullah! Nimesahau, mwanangu!"

Akanikimbilia, akanifuta kidevu kwa ncha ya leso yangu. "Usihuzunike, mama. Ukisahau haivunjiki. Ustadhi ametufundisha, Mungu ndiye aliyekulisha."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Magharibi tukakaa mkekani. Alifungua kwa tende, akapewa aiskrimu yake ya kwanza, kisha akatangaza huku mdomo umejaa: "Babu, leo mama alisahau akala, lakini saumu yake iko!"

Mume wangu akainamia kikombe chake cha uji. Mamamkwe akaanza kukatakata sambusa ambayo haikuhitaji kukatwa. Babamkwe, mtu mpole ambaye hajawahi kunipandishia sauti, akainua mikono na kuniombea dua ndefu, Mungu anikubalie saumu yangu. Binti yangu akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Nami nikaitikia. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, kwa sababu nilikuwa naombewa saumu isiyokuwapo, mbele ya mtoto aliyeshinda na njaa kweli.

Usiku nilijiambia kwamba nitamweleza asubuhi. Asubuhi nikaona bora jioni, tukiwa na nafasi.

Alasiri ya siku hiyo nikasikia friza inafunguliwa. Nilipoingia jikoni nilimkuta binti yangu amesimama na kijiti mkononi, embe na tui vimemganda pembeni mwa mdomo. Aliponiona akapiga mkono mdomoni, vilevile kama nilivyofanya mimi, hata macho akayatoa.

"Astaghfirullah! Nimesahau, mama."

Kisha akaendelea kulamba, kwa sababu ilikuwa ikimdondokea vidoleni. Akaimaliza yote mbele yangu, akakisuuza kijiti vizuri, akakirudisha mahali pake.

"Jioni mwambie babu," akasema, "aniombee dua na mimi."