Siku Niliyomshtaki Waziri kwa Mdogo Wake

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumanne, barua ilidondoka mlangoni kwetu Wembley, huku kwa Waingereza, nikaiokota kwa tabu maana nilikuwa na mimba ya miezi sita na kuinama kulikuwa kazi. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilikuwa nimetoka Pemba kumfuata mume wangu Hamad, na tulikuwa tunangoja jawabu moja tu kutoka serikalini: nibaki naye hapa, au nirudi nikazae kwetu peke yangu.

Nikwambie mapema, mwanangu, mie skuli niliishia darasa la tano. Kusoma herufi najua. Kiingereza cha wakati ule nilikuwa nakiokota dukani na kwenye televisheni, kipande leo kipande kesho. Lakini ubishi nilikuwa nao mwingi kuliko kisomo, na leo nakuhadithia ubishi huo, usije ukaurithi.

Barua ilianza na Secretary of State. Secretary of State ameangalia ombi lako. Secretary of State haridhiki. Secretary of State ameamua hivi na hivi. Nikacheka peke yangu ukumbini.

Kabla sijaolewa nilikuwa napika chai kwenye ofisi moja ya serikali huko Wete, kwa hiyo sekretari nilikuwa namjua vizuri. Sekretari ni yule msichana wa chumba cha mbele mwenye taipureta na kucha za rangi, anayekwambia, "Bosi hayupo, njoo Alhamisi," na huku bosi unamsikia anakohoa ndani. Hata yule mkubwa wa wizara, Katibu Mkuu, ambaye kwa Kiingereza naye ni Secretary, akiingia Waziri anasimama wima. Kwetu Waziri ndiye juu, Katibu yuko chini yake, hilo halina mjadala. Sasa mie niletewe barua na sekretari, nishtuke?

Hamad aliporudi kazini jioni, aliisoma akiwa bado na koti lake.

"Mize, hawa wamekataa."

"Nani kakataa?"

"Si hawa wa serikali. Wanataka cheti cha ndoa chenyewe, wewe umewapelekea kivuli."

Ni kweli, nilikuwa nimepeleka fotokopi. Kile cheti cha Kadhi sikutaka kitoke mkononi mwangu. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, usije ukamlaumu mtu mwengine.

"Hamad, huyu aliyeandika ni sekretari. Tangu lini sekretari akakataa kitu?"

"Lakini wameandika siku za kukata rufaa, tazama hapa chini."

"Rufaa atakata Waziri mwenyewe. Kaa kitako, chukua kalamu."

Nilikuwa nimemuona Waziri kwenye televisheni, ameandikwa chini ya kidevu chake kuwa ni Minister, anashughulika na uhamiaji. Basi nikamtajia Hamad maneno, naye maskini akayaandika kwa Kiingereza chake: Mheshimiwa Waziri, sekretari wako anaandikia watu barua bila ya wewe kujua. Anakataa maombi ya wake za watu. Tafadhali umkanye. Nikatia saini yangu, nikaenda posta mwenyewe, tumbo mbele. Nilirudi nimetulia kama mtu aliyekwisha shinda kesi.

Siku zikapita. Hamad akiniuliza namwambia Waziri ana kazi nyingi, atajibu. Hamad alikuwa mpole, Mungu amrehemu, na mtu mpole akioa mbishi huwa anachoka mapema.

Ikawa siku ya Jumamosi tumealikwa khitma Harrow, nyumbani kwa Bi Zuwena. Huyu alikuwa mama wa Unguja aliyekuja nchi hii zamani sana, kabla yetu sote, na kwa miaka mingi alikuwa akisafisha ofisi za wizara moja kule Whitehall. Sisi wanawake wadogo tulikuwa tunamuogopa. Hakuwa na maneno ya kukubembeleza. Tulipokuwa jikoni tunasukuma chapati, nikaanza kujigamba. Nikahadithia vile nilivyompeleka yule sekretari kwa Waziri. Wenzangu wakanisifu, "Eeh, Mize, mtoto wa Kipemba, huchezewi!"

Bi Zuwena akaacha kusukuma.

"Hebu rudia. Barua umeandikiwa na nani?"

"Sekretari."

"Sekretari gani?"

"Secretary of State."

"Na wewe ukamshtaki kwa nani?"

"Kwa Minister."

Akaniangalia, akaangalia tumbo langu, akanirudia usoni. "We mtoto, umemshtaki bosi kwa tarishi wake!"

Jikoni kicheko kikalipuka. Mie sikucheka. Nikasema, kwa sauti ndogo lakini kwa ubishi ule ule, "Kwani Waziri si mkubwa kuliko Katibu?"

"Kwenu Pemba. Hapa mambo yamepinduliwa. Hapa Secretary of State ndiye Waziri hasa, ndiye anayeketi barazani na Waziri Mkuu. Huyo anayeitwa Minister ni waziri mdogo, yuko chini yake. Nimefagia vyumba vyao, nakwambia kwa mazulia! Secretary ana zulia nene na meza ya watu ishirini. Minister yuko mbele kidogo koridoni, zulia lake jembamba na dirisha linatazama ukuta. Barua yako ina siku ngapi?"

Sikujua.

"Kutokujua sikulaumu," akasema. "Mie mwenyewe nilikuja sijui kitu. Lakini umewekewa siku umeandikiwa, mumeo kakuonyesha, na wewe ukajifanya unajua. Hilo nakulaumu, na huyo aliyemo tumboni atakulaumu pia akizaliwa mbali na baba yake. Vaa baibui."

Hakungoja khitma iishe. Tulirudi Wembley kwa treni kuichukua ile barua, na njiani alinielezea serikali ya Kiingereza kwa namna ambayo sijaisahau mpaka leo. Alisema, fikiria shughuli ya harusi. Malkia (wakati ule alikuwa malkia, sasa ni mfalme) ndiye bibi harusi. Shughuli ni yake, anapambwa, anatazamwa, akiingia kila mtu anasimama, lakini wala haamui wali uive saa ngapi, na hata hotuba anayosoma kaandikiwa na wengine. Waziri Mkuu ni yule mama anayeiendesha shughuli. Yeye ndiye anayegawa miiko: wewe biriani, wewe mchuzi, wewe wageni. Na akikuona unaunguza anakunyang'anya mwiko mbele za watu, anampa mwengine.

"Wale waliopewa miiko ndio akina Secretary," akasema. "Kila mmoja na chungu chake. Wa afya ana chungu chake, wa elimu chake, wa nje kazi yake kuzungumza na majirani. Aliyekamata mfuko wa shughuli jina lake Chancellor, na hata yule mama anayeiendesha shughuli hanunui kitu bila ya kumtazama yeye usoni. Ministers ndio wale wanaokata vitunguu kwenye kila chungu. Wana kazi, tena kubwa, lakini mwiko si wao."

"Na huyu wangu?"

"Wako ni Home Secretary. Huyo kaketi mlangoni. Polisi wake, usalama wake, na nani aingie na nani atoke, yote yake."

"Kumbe Home si nyumba? Nilitaka nimtajie na ukungu wa bafuni."

Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza. "Ukungu wa bafuni ni wa baraza la mtaa, Mize. Usimpelekee Home Secretary ukungu wako, ana mambo yake."

Nikamuuliza na hao mawaziri vivuli wanaotajwa kwenye habari, ndio fotokopi za mawaziri? Akasema la, hao ni wa upinzani. Kila mwenye mwiko ana mtu wa upande wa pili anayesimama nyuma ya bega lake na kuuliza, chumvi umetia ngapi, mbona unaunguza. Na siku upande wao ukishinda uchaguzi, wanaingia jikoni wao. Nikamuuliza na Katibu Mkuu wa kwetu je, hapa hayupo? Yupo, akasema, anaitwa Permanent Secretary. Huyo ni kama mwenye nyumba anayejua masufuria yamewekwa kabati gani. Wapishi wanakuja na kuondoka, yeye yupo. "Nimeona vibao vya mlangoni vinabadilishwa mpaka nikachoka kuvifuta. Cha huyo kilikuwa kinakaa."

Tuliifungua ile barua juu ya kitanda. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Jumatatu asubuhi Bi Zuwena aliomba ruhusa kazini, akanipeleka kwa mwanasheria mmoja, mama wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa, ofisi yake juu ya duka la vitambaa. Alinisalimia kwa Kiswahili, nikataka kulia.

"Mama, cheti iko wapi? Ile original?"

Nikakitoa kifuani, kimefungwa kwenye kitambaa. Akanyoosha mkono. Mie sikukiachia.

"Kikipotea?"

"Nitaandika risiti. Nitapeleka kwa posta ya kusaini. Lakini bila hii, mama, hakuna kesi."

Bi Zuwena alinitazama tu, na naapa lile jicho lilikuwa zito kuliko maneno. Nikakiachia. Mwanangu, tangu nizaliwe sijawahi kutoa kitu kwa khofu kama vile, hata dhahabu ya mama yangu niliyoiuza kwa nauli haikuniuma hivyo.

Rufaa ikaingia ndani ya muda. Kabla hata ya siku ya kusikilizwa, wizara ilikiona cheti, ikabadilisha uamuzi wake, na barua ya pili ikaja. Ilianza vile vile: Secretary of State ameangalia. Safari hii niliisoma nimesimama wima, kama wale niliowaona Wete Waziri akiingia. Nimeruhusiwa kubaki. Wiki mbili baadaye akazaliwa shangazi yenu Maryam, hospitali ya hapa hapa, na Hamad ndiye aliyemuadhinia sikioni.

Na Waziri wangu mdogo? Alijibu, usidhani hakujibu. Maryam alikuwa na siku arubaini. Barua ya mistari minne, imeandikwa na mtu kwa niaba yake, inanishukuru, na inasema malalamiko yangu kuhusu sekretari yamepelekwa yashughulikiwe na ofisi ya Home Secretary. Bi Zuwena alicheka mpaka akakaa chini sakafuni.

Sasa nisikilizeni nyinyi mliozaliwa hapa. Kiingereza mnacho, kuliko mimi mara mia. Lakini juzi nilimuuliza mjukuu wangu Nasra, aliyeko chuo, waziri wa elimu ni nani na anaamua nini, akainua mabega, akanijibu, "Nana, politics is boring," ati siasa zinachosha. Nikamwambia boring ni kwa mtu ambaye hajawahi kungoja barua.

Nasaha yangu ni hii, na naisema wazi ili asije mtu akasema hakuelewa. Jueni nani anaamua nini katika nchi mnayoishi. Jina la cheo lisikudanganye, kubwa likawa dogo na dogo likawa kubwa. Uliza mwiko uko mkononi mwa nani. La skuli lipeleke kwenye skuli na baraza lenu, la hospitali kwa wa hospitali, na pale mlango usipofunguka nenda kwa mbunge wako, ndiye unayemchagua wewe, na kazi yake kuuliza maswali pale ambapo sauti yako haifiki. Piga kura. Soma barua mpaka mstari wa mwisho, na tarehe kwanza. Na usipojua, sema sijui, mapema, kwa sauti, kwa mtu anayejua. Mie ubishi wa siku chache ulikaribia kumnyima mtoto baba yake, na neno sijui ni la sekunde moja tu.

Wala sitaki mjue haya kwa ajili ya khofu. Siku hizi nikitazama televisheni naona waliopewa miiko wana majina ya kila bara na ngozi za kila rangi. Bi Zuwena aliyafagia mazulia yale. Hakuna aliyesema mjukuu wake asiyakanyage. Kama kuna mmoja wenu ana akili na subira ya kukaa pale, basi aende. Akifika akumbuke kuwa upande wa pili wa kila uamuzi kuna mtu na nyumba yake.

Mwenyezi Mungu akupeni ufahamu wa kuuliza na ulimi usioona haya kuuliza. Akufungulieni milango ya kheri, na walioketi milangoni awatie huruma. Akujaalieni nchi hii iwe yenu kwa haki zake na kwa wajibu wake, na mwisho wenu uwe mwema kuliko mwanzo wetu. Amin.