Jina la Chini ya Injini

Mwaka wa 1986 Harub alipomuoa Muhsina, alipata mke na mtoto kwa pamoja. Mtoto ni Jumana, wa miaka mitatu. Baba yake mzazi, Murshid, alikuwa keshakwenda zake Dubai, huko akaoa tena, akazaa tena, na hata salamu ikawa shida kuileta.

Harub alikuwa fundi wa pikipiki pale mjini Sib, fundi hasa, si wale wa kugongagonga. Kipenzi chake kilikuwa injini ndogo za kiwanda kimoja cha Bologna, huko Italia. Kiwanda hicho kilianza baada ya vita na mafundi wachache, kikakua mpaka kikatoa injini kwa maelfu, lakini pikipiki hakikuunda. Wenye viwanda vya pikipiki waliozinunua ndio waliobandika majina yao kwenye tangi, herufi zinang'ara. Jina la kiwanda lilikuwa chini, karibu na mnyororo, limezibwa na grisi.

Macho ya Harub yalipoanza kufifia, Jumana ndiye aliyejilaza kwenye mkeka, akaifuta ile grisi na kumsomea.

"Baba, mbona hawaandiki juu, watu wakawaona?"

"Pikipiki inakwenda, mwanangu. Wao inawatosha."

Naye ilimtosha kweli, mpaka Jumana alipochumbiwa.

Huo ulikuwa mwaka wa 2004. Kiwanda kilikuwa kimeshauzwa, injini zile haziundwi tena, na Harub alikuwa akifungua mbovu tatu apate nzima moja. Sheria aliijua: walii wa binti, mwenye haki ya kumuozesha, ni baba mzazi, baba wa kambo hana lake. Lakini baba mzazi anaweza kumpa mtu mwingine uwakala amuozeshee. Harub alilitaka hilo tu, kuliko kitu chochote duniani. Akapiga simu Dubai.

"Nnakuomba uwakala, sheikh. Niruhusu nimuozeshe mimi. Nimemlea."

"Allah akulipe kheri, Harub. Lakini watu watasemaje? Nnakuja mwenyewe."

Akaja kweli, kavaa dishdasha mpya, udi unamtangulia mlangoni. Harub akampisha mbele ya bwana harusi, yeye akakaa nyuma. Roho ilimuuma, asimwambie mtu.

Shekhe wa kufungisha ndoa akamwashiria Murshid aseme. Murshid akamshika mkono bwana harusi, akakohoa.

"Nimekuozesha binti yangu, Noof..."

Noof ni binti yake wa Dubai. Murshid, jasho linamtoka, akageuka kumtazama Harub.

Harub angeweza kunyamaza. Wallahi, mimi ningenyamaza, aadhirike. Yeye akainama, akamnong'oneza: "Jumana."

"Jumana!" akasema Murshid kwa sauti kubwa, na ndoa ikafungwa. Watu wakamzonga kumpongeza kwa mkono wa mabruk, halwa ikapita.

Bibi harusi alipotolewa kwenda garini, alimkumbatia Harub asitake kumwachia.

"Baba, wanasema wewe ndiye uliyenitaja."

"Uwongo huo, mwanangu. Baba yako ndiye aliyekutaja. Sote tumemsikia."

Gari likaondoka. Harub akabaki barazani analia mbele za watu, wala hakuna aliyejua amwambie nini, kwani mabruk zote keshapewa mwenzake.