Saa Iliyoogopa Ng'ombe

Juzi, fundi saa mmoja mjini Moshi aliniuliza saa ya mkononi ya marehemu bibi yangu husimama wakati gani. Nikacheka peke yangu.

Utotoni kule Kibosho, saa hiyo ilisimama kila bibi alipokamua. Niliamini inamwogopa ng'ombe. Alasiri moja tuliipeleka kwa fundi, kibandani kulikonukia mafuta ya cherehani. Mezani kwake ikatembea vizuri tu.

"Shikamoo mama. Mbona nzima? Husimama lini?"

"Ikiona ng'ombe!" nikadakia.

Fundi akamvisha bibi saa. "Hebu nionyeshe unavyokamua."

Bibi akakaza kanga, akakaa kwenye kigoda, akakamua hewa huku mdomo ukitoa mlio wa maziwa, chwaa, chwaa. Wapita njia wakajaa mlangoni. Fundi akainama, akautegea sikio mkono wa bibi ulioning'inia.

"Imesimama!"

Leo najua kigurudumu cha ndani ya saa kilikwama kila mkono ulipoelekea chini. Siku ile nilishangaa tu kwamba inaogopa hata ng'ombe asiyekuwepo, na bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mama," fundi wa juzi akarudia, "husimama wakati gani?"

Nikavuta kigoda, nikaanza kukamua.