Baraka ya Esau Mezani kwa Kina Noa

Harufu ya mkate wa mayai ukitoka jikoni, umesukwa kama ukili na kupakwa asali juu, ndiyo iliyonipokea kila Ijumaa jioni, majira yale ya baridi nilipokuwa na miaka kumi. Mama alikuwa yaya wa watoto wa familia moja ya Kiyahudi huko Rockville, Marekani, nami nilimfuata baada ya shule kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu. Jua likizama, mama wa watoto aliwasha mishumaa, baba yao akawabariki mmoja mmoja kwa kuwawekea mikono kichwani, kisha tukala huku wao wakijadili hadithi ya Torati ya juma hilo. Sikuwa nimeona jambo kama lile. Kwetu Silver Spring baba alisoma Biblia, sisi tukaitikia amina, yakaisha. Pale Noa, rika langu, alimbishia baba yake waziwazi, na baba akafurahi kana kwamba ametunzwa.

Ijumaa moja hadithi ilikuwa ya Yakobo aliyejifanya Esau ili apate baraka ya baba yao kipofu, Isaka. Baba wa Noa aliuliza nani alikosea. Noa akamtaja Rebeka, mama yao aliyepanga hila hiyo, mdogo wake akamtaja Yakobo. Kisha yule baba akamgeukia mama yangu. "Rehema, wewe unaonaje?"

Nilidhani mama angetabasamu tu, kama alivyozoea mbele ya wageni.

"Isaka alijua," alisema. "Mzazi hata awe kipofu, mwanawe humtambua kwa kishindo cha miguu."

"Kama alijua, mbona alikubali kudanganywa?" Noa akadakia.

Mama akacheka, kicheko kirefu kutoka tumboni, wakabishana mpaka mchuzi ukapoa. Noa alimlalia begani. Mimi nilikuwa nikifinyanga vidonge vya mkate chini ya meza. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, mama yangu alichezea kwa watu, na kwetu alileta miguu iliyovimba na neno moja tu: "Nyamazeni, nimechoka." Nilitamani Noa augue, apoteze sauti, mezani pabaki kimya ili mama anitazame mimi.

Ndani ya basi la kurudi nilinuna. Mama aliponiuliza nina nini, nilimjibu kwa Kiingereza, upesi na kwa hasira.

"Sema Kiswahili."

Nilitafuta maneno. "Mbona mimi huniulizi?"

Aliupakata mkoba wake. "Kwetu Bukoba, ukimhoji katekista unachapwa," alisema. "Sikufundishwa kumuuliza mtoto. Pale wale ndio huniuliza, nami najibu. Wewe hujawahi kuniuliza kitu."

Basi nikamuuliza. Nilitaka kujua kama Esau alipolia alibakiziwa baraka yoyote.

"Alibakiziwa. Ndogo, ya mtu wa kuishi kwa upanga." Akanitazama. "Inatosha?"

"Haitoshi."

"Hata mimi naona haitoshi," alisema, na tukaendelea hivyo mpaka tukapitiliza kituo chetu, tukarudi kwa miguu katika baridi, tukibishana.

Juma zima nilitembea kama mtu aliyeficha peremende mfukoni. Lakini Ijumaa iliyofuata, kabla hata sahani hazijapangwa, mama alimwambia Noa, "Neema wangu anasema baraka ya Esau haikutosha." Meza nzima ikanigeukia. Baba wa Noa alinisifu. Nami nikaenda kujifungia chooni nikalia, kwa kuwa kile kilichokuwa chetu wawili alikuwa amekigawa kama mkate.

Siku hizi mama anaishi nasi Adelphi. Wanangu humrukia kwa maswali ya Kiingereza, naye hujibu kwa Kiswahili, na hakuna anayeambiwa anyamaze. Mama amestaafu, miguu yake imepumzika, na subira niliyoisubiri utoto mzima wanaipata bure, bila kujua kuna aliyeikosa. Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Nalijua hilo, na bado nakonda. Jumapili iliyopita niliingia sebuleni nikawakuta wamesongamana kochini, wakicheka. Wakanyamaza.

"Tuna mambo yetu na bibi," binti yangu alisema.

Mama alitazama pembeni, akizuia kicheko. Hakuna aliyenisogezea nafasi. Nikakaa sakafuni, miguuni pake, nikawaambia waendelee.