Hina ya Jannat na Mashine ya Faiza

Mimi ni fundi wa cherehani, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba naogopa mashine. Ninazo mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme, na zote zinanitii. Lakini ile ambayo Fuad alimwekea dada yake kwenye simu, mpaka leo nikiitaja naumwa na kichwa.

Dada yake ni Faiza, mchoraji wa hina. Tunagawana chumba kimoja cha duka hapa Voi, nyuma ya soko. Cherehani zangu ziko upande wa dirisha, mkeka na mito yake iko upande wa pili, na katikati kuna pazia. Yeye ni wa familia ya Kiislamu iliyokuja kutoka Mombasa enzi za babu yake. Mimi niliteremka kutoka Werugha, mlimani kwenye baridi na ukungu, na joto la mji huu sijalizoea wala sitarajii kulizoea. Tumeishi vizuri. Kazi yake naipenda kuitazama. Anaanzia kwenye kidole, maua yanapanda taratibu hadi kwenye kiwiko, na hajawahi kunionyesha karatasi aliyonakili.

Shida yake ilikuwa simu. Mchoraji wa hina hana mkono wa akiba. Mmoja umeshika koni ya hina, wa pili umeshika mkono wa mteja. Simu ikilia, ama aiache na kazi impite, ama aipokee na hina ipake skrini, sikio na ushungi. Mara nyingi alikuwa ananiita mimi. "Dada Wakesho, nishikie tafadhali." Basi naacha pindo la sare ya mtoto wa watu, nasimama nimembandika simu sikioni kama mti wa kuanikia nguo, wakati yeye na huyo mtu wanasalimiana. Habari za nyumbani, habari za mgonjwa, habari za yule aliyesafiri. Siku ya hina yenyewe inatajwa mwisho kabisa, mkono wangu umeshakufa ganzi. Usiku alikuwa anaendelea kujibu meseji mpaka macho yamekuwa mekundu. Alikonda, na mimi nilichoka kumhurumia.

Fuad, ndugu yake anayefanya kazi za kompyuta Mombasa, alipokuja kusalimia aliona hali hiyo akacheka. Akasema hayo ni mambo ya kizamani. Alikaa na simu ya Faiza mchana mzima, na alipomrudishia ilikuwa inajijibu yenyewe. Mtu akituma meseji, mashine inamkaribisha, inamuuliza hina ya aina gani, siku gani, nyumba ipo wapi, kisha inamwandikia kwamba nafasi amepata. Kila asubuhi inamletea Faiza ratiba yake. Na akiwa kazini, inakata kila simu inayoingia na kumtumia aliyepiga maelekezo ya kubonyeza. Fuad alimwambia kwamba kazi yake ni kuchora, mambo ya ofisi aiachie mashine. Faiza alimwombea dua ndefu.

Sitasema uongo, mwanzoni kulikuwa na raha. Nilishona bila kuitwa. Faiza alianza kula chakula cha mchana akiwa ameketi.

Kisha wateja wakaanza kuja kunigombeza mimi. Watu wa hapa hawawezi kuanza maneno bila salamu, na wengi hawapendi kuandika, wanatuma sauti. Mashine ya Fuad haikuwa na masikio. Mama wa watu anatuma sauti nzima ya salamu na maelezo, anajibiwa: "Samahani, sikukuelewa. Bonyeza moja kwa hina ya bibi harusi, mbili kwa hina ya sikukuu." Wakija dukani Faiza yuko kwenye nyumba za watu anachora, kwa hiyo hasira yote ni yangu. Mmoja aliniuliza kama Faiza siku hizi anajiona waziri. Nilikuwa natetea kitu ambacho hata mimi kilikuwa kimenijibu vibaya.

Aliyeiweza mashine ile ni Bi Khamisa. Huyu ni mama mtu mzima wa mtaa wa Kaloleni, hapa hapa Voi, mjane, ambaye hakuna sherehe mtaani kwao isiyopitia mikononi mwake. Na lazima nieleze jambo moja. Kwa hawa jirani zangu, bibi harusi hajitafutii hina. Ataonekana ana haraka ya kuolewa. Anatafutiwa na mtu mzima, nyanya au shangazi au jirani anayeheshimika. Kaloleni mtu mzima huyo alikuwa Bi Khamisa. Alijifunza kubonyeza, akaona fahari, akawa anawawekea nafasi watu wa mtaa mzima kwa simu yake na kwa jina lake.

Fuad amelelewa kwenye desturi hiyo hiyo, lakini alipokuwa anatengeneza mashine yake hakuikumbuka. Kwa mashine, nambari moja ya simu ni mtu mmoja, na mtu mmoja ana miadi moja. Ukiweka ya pili kabla ya kwanza kutimia, inadhani umebadilisha nia. Mpaka hapo bahati ilikuwa imetubeba tu, Bi Khamisa alikuwa anaweka moja, inaisha, ndipo anaweka nyingine.

Halafu ikaja harusi ya Jannat, mjukuu wake aliyemlea mwenyewe tangu akiwa mchanga. Ndoa ilikuwa ifungwe Ijumaa. Hina ilikuwa Alhamisi asubuhi, nyumbani kwa Bi Khamisa, ili ikae mchana kutwa na usiku kucha, ibanduliwe alfajiri ikiwa imekolea. Piko la dukani, lile jeusi la haraka, familia hiyo hailitaki, liliwahi kumbabua mmoja wao mikono. Bi Khamisa aliweka nafasi mapema.

Wiki ya harusi, jirani yake Syombua akamjia na ombi. Binti yake Cynthia, anayefanya kazi mji wa jirani wa Mwatate, alikuwa na sherehe ya rafiki yake na alitaka maua kidogo mkononi. Bi Khamisa, kwa ukarimu wake, akatoa simu akabonyeza. Alhamisi, Mwatate. Mashine ikamjibu: "Asante Khamisa. Miadi yako imebadilishwa." Yeye alisoma asante, akaridhika, akarudisha simu kwenye mkoba. Nani anagombana na mtu aliyemwambia asante?

Alhamisi asubuhi Faiza aliangalia ratiba akashangaa kidogo. Khamisa, Mwatate. Akaniambia kumbe wamemhamishia bibi harusi Mwatate, labda nyumba imejaa wageni. Nikamwambia ampigie Bi Khamisa amuulize. Akasema hakuna haja, mashine imethibitisha, na asumbue watu wa harusi kwa nini. Akachukua kikapu chake akaenda. Miezi michache nyuma Faiza huyo huyo asingetoka mlangoni bila kuuliza mara mbili.

Bi Khamisa alifika dukani jua limeshaanza kushuka. Alikuwa amengoja kwa adabu, maana Faiza hakuwahi kumwangusha mtu. Alikuwa anatokwa na jasho, simu mkononi, na hakunisalimia, ndipo nikajua kuna jambo. Akanisikilizisha sauti alizotuma. Katika ya kwanza anacheka. Katika ya mwisho anasihi: "Faiza mwanangu, mtoto ameketi tangu asubuhi, tumeshamwosha miguu, uko wapi?" Na chini yake jibu lile lile, kwamba samahani, haikumwelewa, abonyeze moja.

Nikapiga mimi. Ikakatwa. Ikaniletea meseji ya kunikaribisha, mimi ninayefagia chumba hicho kila siku. Nikabonyeza moja. Ikaniambia nafasi ya karibu ya bibi harusi ni Jumatatu. Nilitamani kuitupa simu yangu barabarani, na simu yangu haikuwa na kosa lolote. Nikamwambia Bi Khamisa kwamba Faiza alikwenda kwake, huko Mwatate. Akaniuliza Mwatate kwa nani. Kisha akaketi kwenye benchi langu, akashika kichwa, akasema jina la Cynthia.

Tulimpigia Syombua, Syombua akampigia bintiye. Baadaye Cynthia alitupigia na kuiweka simu kwenye sikio la Faiza, maana mikono yake ilikuwa na kazi. Kumbe rafiki za Cynthia nao walikuwa wamejipanga kuchorwa, na Faiza alikuwa anawachora mmoja mmoja akidhani bibi harusi ataletwa.

"Faiza," nikasema, "Jannat anakungoja Kaloleni."

Nilisikia koni ikianguka.

Alifika Kaloleni jua linazama. Nilikwenda pia, sikuweza kukaa na cherehani. Nyumba ilikuwa imejaa, wageni wa jioni wameshafika, na kila anayeingia anataka kumkumbatia bibi harusi. Faiza alichora kwa haraka, na haraka haikuwa kazi yake. Huku anachora, kule mtu anashika mkono, hina mbichi inapakazana. Jannat hakusema neno baya. Alikuwa anamwambia Faiza pole, kana kwamba aliyeharibikiwa ni Faiza. Bi Khamisa alisimama mlangoni, akampa Faiza mgongo.

Siku ya ndoa nilikwenda kwa sababu magauni ya mashangazi nilishona mimi. Wanawake wakiingia kumwona bibi harusi, kitu cha kwanza wanachotazama ni mikono, na hawafichi kwamba wanatazama. Ya Jannat ilikuwa imetoka rangi ya chungwa, hapa imekolea, pale imefifia, na vidole viwili vimekuwa doa moja. Niliona mama mmoja akamnong'oneza mwenzake. Jannat akavuta leso iliyokuwa mapajani, akaifunika mikono yake, na akakaa hivyo mpaka sherehe ikaisha. Faiza aliona pia. Aliondoka kabla ya pilau.

Alilia nyuma ya pazia wiki nzima. Nilimpigia Fuad mwenyewe nikamwambia yote, kwa sauti ambayo mama yangu asingeipenda. Akasikiliza, akaomba radhi, akasema ni jambo dogo kurekebisha. Na kweli, aliongeza swali moja tu kwenye mashine, hina hii ni ya nani, na tatizo likaisha kabla chai yangu haijapoa. Hilo ndilo lililonikera kuliko mengine yote. Nilidhani Faiza ataitoa. Alijaribu. Simu ikaanza kulia upya, mikono yake ikiwa na hina kama kawaida, akaniita nimshikie, nami nikamwambia airudishe. Bado iko.

Bi Khamisa hakukanyaga dukani kwetu kwa muda mrefu. Wiki iliyopita alikuja. Pazia lilikuwa wazi, Faiza ameketi kwenye mkeka na mteja, koni mkononi. Bi Khamisa alipita mbele yake, akaketi kwenye benchi langu, akaniuliza hali ya watoto, hali ya wazee kule mlimani, hali ya mgongo wangu. Nilimjibu yote.

"Wakesho," akasema, "mwambie Faiza mdogo wake Jannat anaolewa Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha. Hina Alhamisi asubuhi, nyumbani kwangu."

Faiza aliweka koni chini. "Nimesikia, bibi. Nitakuja mwenyewe, alfajiri ukitaka. Nisamehe."

Bi Khamisa hakugeuka. Aliendelea kunitazama mimi.

"Samahani," akasema taratibu, "sikukuelewa."

Mteja aliyekuwa ameunyoosha mkono aliangalia chini. Mimi sikujua niweke wapi macho yangu. Bi Khamisa alikaa pale pale, mkoba mapajani, akingoja, na nikaelewa kwamba hataondoka mpaka ujumbe wake ufike. Basi nikamgeukia Faiza nikamwambia, Mfungo Mosi, Alhamisi asubuhi, nyumbani kwa Bi Khamisa. Faiza akasema sawa. Nikamgeukia Bi Khamisa, nikamwambia Faiza amesema sawa.